Mawe Yaliyo Chini ya Miguu ya Wanafunzi

Mazungumzo yetu ya jioni hii ni juu ya kuwafundisha watoto wa shule habari za miamba na madini, jambo ambalo baadhi yenu huenda mkaliona dogo, walakin mimi naliona kubwa, na nitajitahidi kuwaeleza sababu.

Naona somo hili aghalabu tunalifundisha kinyume. Mtoto hukaririshwa kwanza majina ya makundi matatu, yaani miamba moto, miamba tabaka na miamba geu, akayaandika katika daftari lake kwa hati nzuri na kuyajibu katika mtihani bila ya kukosa, ilhali jiwe analolikalia wakati wa mapumziko, na lile lililojengewa ukuta wa darasa lake, na kokoto anazozikanyaga kila asubuhi akienda kupanga mstari, hajapata hata siku moja kuulizwa ni za kundi gani, zimetoka wapi, wala kwa nini ziko pale. Kwa rai yangu, somo lapasa kuanza pale pale shule iliposimama, na mtoto alishike jiwe mkononi, alitazame, alipime na alijaribu, ndipo apewe jina lake; kwani jina linalokuja baada ya maarifa hukaa, na lile linalotangulia maarifa hupotea mara mtihani unapokwisha.

Na tuanze na pwani yetu. Mtoto wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja au wa Kilwa anakaa juu ya miamba iliyojengwa na viumbe hai. Matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo wa baharini ambao huivuta chokaa iliyomo majini na kujijengea vijumba vigumu, kizazi juu ya kizazi, hata yakawa mafungu makubwa chini ya bahari. Kisha bahari iliposhuka mafungu yale yalibaki nje, yakakauka na kushikana, yakawa jabali lile ambalo leo watu huchimba visima ndani yake na kupanda mihogo juu yake. Sehemu kubwa ya mwamba huu wa ufukweni ina umri wa takriban miaka 125,000. Mwalimu akiwachukua wanafunzi mpaka ukingoni mwa pwani wakati wa maji kupwa, na akawapa kioo cha kukuzia, wataviona katika jiwe vijumba vya wale wanyama vikiwa vimepangika safu kwa safu, pamoja na makombe yaliyonasa humo, na hapo hawatakuwa na haja ya kukaririshwa kwamba iko miamba inayotokana na mabaki ya viumbe, maana ushahidi watakuwa nao mkononi.

Jiwe hilo ndilo lililojenga miji yetu. Mafundi wa zamani walijua kupambanua aina mbili: tumbawe laini lililokatwa chini ya maji, ambalo likiwa bichi huchongeka kwa wepesi na likikauka hushupaa, nalo waliliweka kwa ajili ya mihirabu na nakshi, na jiwe gumu la nchi kavu, lenye matundu na makali, ambalo walilitia katika kuta nene za nyumba. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, ndio mwaka 1107 wa Miladi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, pamoja na makuba yake, ni wa jiwe hilo hilo. Na Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, waliiweka juu ya jabali la matumbawe na kuziinua kuta zake kwa matumbawe. Mwanafunzi huzisoma tarehe hizi katika kipindi cha historia na kuliacha jiwe lenyewe nje, hali ya kuwa laiti pwani hii isingekuwa na jiwe la namna hii, karibu sana na kupatikana kirahisi, miji yetu isingekuwa na sura tunayoijua.

Na ile chokaa iliyoyashikamanisha mawe yale ni somo jingine zima, tena nalipenda kuliko yote, kwa kuwa ndani yake yamo mambo ambayo vitabu vingi vya elimu ya kemia huyatafutia mifano ya mbali. Waunguza chokaa hupanga magogo kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, wakatandaza vipande vya matumbawe juu yake, wakaitia moto tanuu yao mpaka mawe yakageuka meupe kabisa na mepesi. Wengi wetu tumeyaona haya, lakini ni wachache waliopata kuelezwa kinachotukia. Jiwe lile lina chokaa iliyofungamana na hewa ya ukaa, na moto mkali unapolizidi huifungua hewa ile ikapaa, na kinachosalia ni chokaa kali, ambayo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila ya moto, ikavimba na kupasuka, ikawa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na maji, ukapakwa ukutani, huanza taratibu kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, mwezi baada ya mwezi na mwaka baada ya mwaka, hata ukarejea kuwa chokaa ya mawe kama ulivyokuwa kabla ya kuingia tanuuni. Ndiyo maana lipu ya zamani iliyotunzwa vizuri huwa ngumu kuliko ilivyokuwa siku ile mwashi alipoipaka.

Hewa ile iliyofungwa ndani ya jiwe, mtoto anaweza kuiona kwa macho yake. Na alikwangue tumbawe kwa msumari, apate unga kidogo, kisha audondoshee maji ya ndimu au siki: utatoa povu mbele yake, na povu lile ndiyo hewa ya ukaa inayotoka. Afanye hivyo hivyo kwa jiwe jeupe la kwatzi lililookotwa mtoni, na hataona chochote. Kwa tone moja la ndimu amekwisha kuyatenga mawe mawili ambayo kwa rangi alidhani ni mamoja. Lakini ile chokaa kali itokayo tanuuni asiishike wala asiikaribie, maana huunguza ngozi na kuweza kumpofusha mtu. Hilo mwalimu alieleze kwa maneno tu, na watoto watazame kwa mbali.

Sasa tumwendee mtoto wa bara, wa Mwanza au wa Dodoma au wa Iringa, ambaye shule yake imezungukwa na majabali makubwa ya itale, mawe ambayo wengine huyaita graniti. Huyu ana bahati ya namna nyingine, kwani jiwe lake laweza kumfunza jambo linalowatatiza hata watu wazima, yaani tofauti iliyopo baina ya mwamba na madini. Mama anapopika mseto wa mchele na choroko, chakula ni kimoja, lakini kila punje ndani yake ina jinsi yake. Na mwamba ndivyo ulivyo, mchanganyiko wa madini yaliyokutana mahali pamoja. Mtoto akilivunja jiwe la itale na kuutazama uso wake mpya, ataona punje za namna tatu: zilizo kijivu na zenye kung'aa kama kioo, hizo ni kwatzi, nyeupe au za rangi ya waridi, zenye nyuso bapa, hizo ni feldispa, na vipande vyeusi vinavyometameta na kubanduka kama karatasi nyembamba, huo ni ulanga. Punje hizi ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu mwamba huu ulipoa polepole mno, ukiwa mbali sana chini ya ardhi, na madini yakapata muda wa kukua. Na yale majabali yaliyobebana ndani ya ziwa huko Mwanza, ambayo mgeni akiyaona hudhani yamepangwa kwa mikono, yalianza yakiwa mwamba mmoja uliopasuka ungali chini ya ardhi. Maji yakaingia katika nyufa, yakazila pembe za mawe, kisha udongo uliokuwa baina yake ukachukuliwa na mvua, yakasalia mawe yaliyoviringana, moja juu ya jingine.

Baada ya kuona huja kupima. Mwaka 1812 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kumi kwa ugumu wao, kwa kanuni nyepesi ya kwamba jiwe gumu hulikwaruza lililo laini na laini haliwezi kulikwaruza gumu. Katika mpango wake talki ni ya kwanza, jasi ni ya pili, kalsaiti iliyomo katika mawe ya chokaa ni ya tatu, kwatzi ni ya saba, na almasi ni ya kumi. Shule haihitaji kununua chombo chochote ili kuifuata kanuni hii. Ukucha wa mtoto una ugumu wa kama mbili na nusu, kwa hiyo hukwaruza jasi. Waya wa shaba ni kama tatu. Kisu na kipande cha kioo ni kama tano na nusu. Na jiwe la kwatzi, ambalo karibu kila kijiji cha bara kinalo, hukikwaruza kioo pasi na shida. Kwa vitu hivyo vilivyomo nyumbani, watoto wa darasa la tano wanaweza kuyapanga mawe yao toka laini hadi gumu, wakabishana, wakarudia jaribio, wakakubaliana. Na kubishana kwao kwa hoja, kila mmoja akiwa na ushahidi wake mkononi, nakuthamini kuliko majibu sahihi mia yaliyonakiliwa ubaoni.

Kadhalika iko njia ya kulisugua jiwe upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'arishwa, ili kuitazama rangi ya unga wake. Rangi ya nje ya jiwe hudanganya, lakini rangi ya unga wake hubadilika kwa nadra. Jiwe la chuma liitwalo hematiti laweza kuwa jeusi likang'aa, nalo likisuguliwa huacha mstari mwekundu wa kahawia. Na wekundu wa namna hiyo hiyo, uliotoka katika udongo wenye chuma, ndio walioutumia watu wa kale kuchora picha za wanyama na watu katika majabali ya Kondoa. Pairaiti, ambayo imewatia watu wengi furaha ya bure kwa manjano yake, huacha mstari mweusi uliochanganyika na kijani, na ikipigwa nyundo huvunjika. Dhahabu huacha mstari wa manjano, na ikipigwa hujipinda na kupanuka bila ya kuvunjika.

Na uzito je? Hapa napenda watoto wetu wasimuliwe habari za Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, mwanachuoni ambaye katika kitabu chake cha johari na madini hakutosheka na kusifu uzuri wa yakuti na zumaridi, bali alifanyiza chombo chenye mdomo mwembamba, akakijaza maji, akatia jiwe ndani yake, na kuyapima maji yaliyomwagika, ili ajue jiwe lile ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule. Karibu miaka elfu imepita, na jaribio lake lawezekana katika darasa lolote lenye kopo, mizani na maji. Kwatzi itaonekana kuwa na uzito wa zaidi kidogo ya mara mbili na nusu wa maji, pairaiti kama mara tano, ama dhahabu safi uzito wake hupita mara 19. Mtoto aliyelifanya jaribio hili kwa mikono yake hatadanganywa kwa urahisi na mtu amwoneshaye kitu kinachong'aa, na zaidi ya hayo atakuwa amejifunza ya kuwa elimu hii ina nasaba katika mapokeo ambayo wazee wake wanayaheshimu.

Ugumu mkubwa wa somo hili ni muda, kwa sababu akili ya mtoto, na yetu pia, haina mahali pa kuiweka miaka milioni. Nashauri mwalimu achukue kamba ya usumba yenye urefu wa mita 46, aitandaze uwanjani, na awaambie watoto kwamba kamba hiyo ni umri wa dunia, ambao ni kama miaka milioni 4,600, na kila mita moja ni miaka milioni 100. Wakianza kuhesabu kutoka ncha ya leo, majabali mengi ya itale ya uwanda wetu wa kati watayakuta mbali, kupita mita ya 25. Nyayo za Laetoli, zile ambazo mwanaakiolojia Mary Leakey na wenzake walizifukua katika mwaka 1978, zikiwa zimekanyagwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyonyeshewa mvua, zina miaka milioni 3 na laki sita hivi, na katika kamba zitakaa chini ya sentimita nne kutoka ncha hiyo ya leo. Jabali la matumbawe la ufukweni, ambalo tulilihesabu kuwa la kale, litakuwa ni zaidi kidogo ya milimita moja. Na wasidhani kwamba kazi imekwisha: katika Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, mwamba mpya unazaliwa hata leo, tena wa namna isiyotoka katika volkano nyingine yoyote hai duniani, uji mweusi wenye magadi, ambao joto lake ni kama nusu ya joto la zaha ya kawaida, na ambao ukiisha kupoa na kukutana na unyevu wa hewa hugeuka mweupe.

Huenda wapo miongoni mwenu wanaongoja niseme juu ya utajiri, maana madini yakitajwa fikira za watu hukimbilia huko. Nitasema, lakini kwa tahadhari. Ni kweli kwamba mwaka 1940 John Williamson wa Kanada aligundua almasi Mwadui, baada ya kuufuata kwa subira miaka mingi mwamba unaoibeba. Na ni kweli kwamba mwaka 1967 yalipatikana katika vilima vya Mirerani mawe ya buluu ambayo mwaka uliofuata yaliitwa tanzanaiti, mawe yasiyopatikana popote pengine ulimwenguni, ambayo mwaka 2018 serikali ilimtambua Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi wake. Mtoto na ayajue haya na ayaonee fahari. Walakin nikiwa mwalimu nisingeanzia hapo. Ningependa kwanza ajue kwamba tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, na ni moto wa fundi unaoidhihirisha buluu yake. Na kwamba ile penseli anayoandikia ina madini ya grafiti, ambayo asili yake ni kaboni tupu sawasawa na almasi, ila chembe zake zimepangwa kwa namna nyingine, na kwa mpango huo tu mojawapo ikawa laini ya kuacha alama katika karatasi, na nyingine ikawa ngumu kupita kila jiwe. Mtoto anayestaajabia hilo atakuwa mjiolojia au mhandisi au mkulima anayeujua udongo wake. Yule aliyefundishwa bei tu atakimbilia shimoni.

Na shimoni watoto wamo. Katika machimbo madogo ya dhahabu wapo watoto wenye umri wa kuwa darasani ambao hubeba mawe, hukaa penye vumbi la makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, na hushika zebaki kwa mikono mitupu wakiikamatisha dhahabu, kisha huivuta pumzi ya moshi wake inapochomwa, moshi unaodhuru ubongo na figo. Somo la madini lisilomwambia mtoto wa Geita au wa Chunya habari hizi, kwa uwazi na kwa jina, ni somo pungufu. Halikadhalika mwalimu asiwapeleke wanafunzi ndani ya mashimo kwa kisingizio cha ziara. Mawe ya juu yanatosha, na nyundo inapotumika macho yafunikwe.

Natoa ombi langu kwa walimu kwanza. Tengenezeni sanduku la mawe la shule, la mbao au hata la maboksi ya sabuni, na kila jiwe liandikiwe lilipookotwa, siku liliyookotwa na jina la mtoto aliyelileta, kwa kuwa jiwe lisilojulikana lilikotoka halina faida kwa mwenye kujifunza. Na shule za pwani zibadilishane na shule za bara: Unguja ipeleke tumbawe Mwanza, na Mwanza ilete itale Unguja, na wanafunzi waandikiane barua kueleza walichokiona.

Ombi langu la pili ni kwenu, waashi, waunguza chokaa, wavunja kokoto, wachonga mawe wa Tabaka kule Kisii, na nyinyi wachimbaji wa Mirerani mnaoitwa wanaapolo. Ujuzi wenu wa kulitambua jiwe kwa mlio wake, kwa uzito wake mkononi na kwa namna linavyopasuka, haumo katika vitabu vingi vya shule. Mwalimu wa shule iliyo jirani nanyi akiwajia kuomba kipande cha jiwe na nusu saa ya maelezo mbele ya watoto, msimrudishe mikono mitupu. Na asipokuja yeye, basi mwendeeni nyinyi.